Mimi Massawe wa Kibosho, mchumba wangu Massawe wa Machame: tunaweza kuoana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nimezaliwa na kukulia Arusha, Kijenge, baba yangu ni Massawe wa Kibosho na sisi ni Wakatoliki. Nimepata mchumba, nae ni Massawe, ila kwao Machame, Walutheri, na nyumbani kwao karibu kila mtu jina lake linaanza na Eli. Shangazi yangu aliposikia jina la ukoo tu akagoma, anasema huyo ni kaka yangu na posa isije. Je ni kweli sisi ni ndugu? Na hili jina letu maana yake nini, limetoka wapi? Alafu nikiolewa nae kuna kitu natakiwa kubadili kwenye vitambulisho?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupata mwenzako. Nianze na lile linalokunyima usingizi, hayo mengine yanaweza kusubiri. Kuitwa Massawe nyote wawili hakutoshi kuwafanya ndugu. Ila pia hakutoshi kumwambia shangazi yako anyamaze. Jina la ukoo huku kwetu ni dalili, sio ushahidi. Wapo watu wenye jina moja wameoana na hamna damu yoyote inayowaunganisha, na wapo wengine majina tofauti kabisa lakini babu yao mmoja, na hao ndio wa kuogopewa zaidi kwasababu hamna mtu anayewashtukia.

Ngoja nikueleze mlima wetu wa Kilimanjaro ulivyokuwa, bila hapo majina hutayaelewa. Kabla ya Wajerumani hakukuwa na Uchagga wenye serikali moja. Kulikuwa na nchi ndogondogo zimepangana kwenye mteremko, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, unazunguka hivo mpaka Rombo kwenye Mkuu na Useri, kila moja ina mangi wake, yaani mtawala, na vita vyake, na mara nyingi kati yake na jirani kuna mto au korongo refu. Mangi Mkuu wa Wachagga wote tumekuja kumpata mwaka 1952, Thomas Marealle, wakati huo wazazi wa watu wengi ninaoongea nao walishazaliwa. Kwahiyo ukoo ulikuwa ni wa nchi yako, kwenye vihamba vyenu, yale mashamba ya migomba ya familia, na jina lilikuwa linaenda na kihamba.

Sasa vihamba ndio vilikuwa vinahamisha watu. Kwa mila yetu boma la baba linabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, wa kwanza nae anapewa kihamba chake, hawa wa katikati ndio wanahangaika. Mtu kakosa ardhi, au kagombana na kaka zake, au kasemwa ni mchawi, anavuka mto usiku na mkewe anaenda kuomba kwa mangi wa upande wa pili, anapewa pa kukaa. Wengine walihama na jina lao wakaendelea nalo huko. Wengine walimezwa na ukoo uliowapokea, wakaanza kuitwa kwa jina la wenyeji wao, na baada ya vizazi vitatu vinne hamna anayekumbuka tena. Mateka wa vita nao hivohivo, wanawake na watoto walichukuliwa wakakulia kwa waliowateka, wakazaa huko.

Ndio mana Massawe utawakuta Kibosho, Machame, Uru na Rombo. Mushi wako Kibosho na wako Machame. Sio kwamba wote wametoka tumbo moja, na sio kwamba hakuna waliotoka tumbo moja.

Na hapa ndipo kesi yako inakuwa ngumu kidogo. Ungeniambia kijana ni wa Rombo ningekujibu haraka zaidi, ni mbali, uwezekano ni mdogo. Lakini Kibosho na Machame ni majirani kabisa, na historia yao ni ya kuingiliana kwa heri na kwa shari. Zama za Mangi Sina, yule ambaye boma lake Wajerumani walikuja kulivunja 1891, Kibosho ilikuwa na nguvu sana na Machame walikiona cha moto, ng'ombe na watu wakavushwa kwa nguvu, na kipindi cha amani watu haohao walikuwa wanaoana na kuhamiana. Shangazi yako anapohisi kitu hajakurupuka. Anafanya alichofundishwa, kwamba ukoo mmoja hauoani, na yeye ndiye wa kulisimamia hilo, kwa Wachagga shangazi ana sauti kwenye ndoa ya mtoto wa kaka yake. Usimchukulie kama adui.

Nenda nyuma zaidi utakuta koo zenyewe hazikuanzia mlimani. Wazee wa koo mbalimbali wanasimulia babu zao walitoka Ukambani, wengine Taita, wengine Usambara na Upare, wengine wanasema kabisa sisi asili yetu ni Wamasai. Huyu Thomas Marealle niliyemtaja, jina lake la kati ni Lenana, na Lenana ni jina la laiboni, kiongozi wa kiroho, mkubwa wa Wamasai, mtoto wa Mbatian. Ukiona hivyo unaelewa mlima haukuwa umejifungia.

Sasa maana ya jina. Hapa nitakuwa mkali kidogo naomba usichukie. Kuna orodha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kila ukoo wa Kichagga umewekewa maana yake pembeni, huyu maana yake shujaa, huyu mfalme, huyu tajiri wa ng'ombe, na watu wanazituma kwa furaha kabisa kila Desemba. Usizitegemee. Jina la ukoo huku kwa kawaida lilikuwa la mtu, babu fulani aliyeanzisha boma, au la kundi la watu waliotokea mahali fulani. Halikutungwa kama mzazi wa leo anavyokaa na mkewe wakaamua mtoto aitwe Baraka. Na hao wanaotengeneza hizo orodha wanachukua neno la Kimachame wanalibandika kwenye ukoo wa Rombo, wakati lugha zimeachana kiasi kwamba mtu wa Machame na wa Rombo wakikutana stendi ya Moshi wanaongea Kiswahili. Inaniuma kwasababu mtoto anakariri hiyo maana, anamsimulia mwanae, na ile hadithi halisi ya babu yao inakufa na mzee aliyekuwa anaijua hapo hapo kijijini. Kwahiyo usiulize Massawe maana yake nini. Uliza Massawe wenu wa kwanza alitoka wapi, alipewa kihamba na nani, alikaa kitongoji gani. Hayo yana majibu na yako Kibosho.

Nikupe mfano wa majina yaliyobeba historia kweli. Majirani zetu wa Ugweno, Upare ya kaskazini, wana Mshana na wana Msuya. Washana walikuwa wafua chuma, na ndio waliokuwa wanatawala Ugweno zamani. Wasuya wakiongozwa na Angovi wakawapindua, wakajenga utawala mpya uliodumu karne kadhaa. Kwahiyo ukisikia jina la waziri mkuu wetu wa zamani Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga, hapo umesikia ukoo ulioshinda, na kila Mshana unayekutana nae mjini kabeba jina la ukoo ulioshika chuma na kiti kabla ya hapo. Hili tunalijua kwasababu Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa huko huko Upare, alikaa na wazee wa koo tofauti miaka ya sitini, akalinganisha masimulizi ya huyu na ya yule. Hiyo ndio kazi inayotakiwa, na kwa ukubwa wa familia mbili hata wewe unaiweza.

Turudi kwako. Toa kitambulisho chako uangalie, majina matatu, na kila moja limekuja kwa njia yake na kwa wakati wake.

Mfano mzuri ni mzee wetu wa Kiraracha, Augustino Lyatonga Mrema. Augustino limekuja na ubatizo, ni la mtakatifu. Lyatonga ni la Kichagga, la nyumbani. Mrema ni la ukoo. Watu wa zamani walikuwa na lile la katikati tu, na ukitaka kumtofautisha unasema mtoto wa fulani, basi, kijiji kizima kinajua ni nani. Jina la ukoo lilikuwepo lakini hamna aliyeliandika popote, lilikuwa la kwenye tambiko, la mahari na la kesi za mipaka.

Kuliandika kumeletwa na karatasi. Misheni zilizodumu zilifika mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wakatoliki Kilema na baadae Kibosho kwenu, Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaingia Machame 1893, na kila misheni ina kitabu cha ubatizo. Alafu 1898 ikaja kodi ya kibanda ya Mjerumani. Alafu shule. Alafu kahawa, chama cha wakulima cha kwanza 1925, KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa, ikasajiliwa 1933, na mkulima lazima aandikwe ili alipwe. Karani anauliza jina lako nani, la baba nani, na la mwisho? Kwenye hilo la mwisho kila mtu alijibu alivyoelewa. Mmoja katoa la ukoo. Kaka yake tumbo moja, siku nyingine, karani mwingine, katoa la babu. Wajukuu wao leo mmoja ni Massawe na mwingine ni jina la yule babu, na wanaweza kukutana chuo Dodoma wakapendana bila kujua.

Marealle lenyewe ni hivo. Lilikuwa jina la mtu, Mangi Marealle wa Marangu aliyetawala enzi za Wajerumani, na mjukuu wake ndiye huyu Mangi Mkuu wa 1952, ndani ya vizazi viwili jina la babu limegeuka jina la familia. Au Solomon Eliufoo wa Machame, aliyekuwa waziri wa elimu kwenye serikali ya Nyerere miaka ya sitini, ukilitazama hilo Eliufoo muundo wake ni wa jina la mtu, sio wa ukoo. Majina mengi ya mwisho yanayoanza na Nde au Eli yako hivo, ukikutana nalo usiishie hapo, uliza na ukoo.

Kwa kuwa umekulia Arusha utakuwa umesoma na akina Mollel na Laizer darasa zima. Hayo ni majina ya koo za Kimaa, Ilmolelian na Ilaiser, koo kubwa mno zilizotawanyika kuanzia Kenya mpaka huku kwetu, Wamasai na Waarusha wote wamo. Lukumay nae hivohivo. Pale jina la mwisho linakuambia ukoo mkubwa tu, ndani yake kuna matawi na matawi, na wazee wao hawaishii kuuliza wewe ni Mollel, wanauliza wa mlango gani, wa nani. Majina yao ya kwanza ndio yana maana ya wazi, Naserian msichana na Loserian mvulana yote ni ya amani, Lengai ni wa Mungu, ndio lile la Oldoinyo Lengai. Wameru wao wana Kaaya, Pallangyo, Mbise, Nnko, Nanyaro, na lugha yao iko karibu sana na Kimachame, mpaka kuna majina kama Urio unayakuta pande zote mbili. Nalisema hili kwasababu Massawe wa Machame wanaweza kuwa na ndugu Meru kuliko walivyo na ndugu Kibosho, inategemea babu yao alielekea upande gani.

Umegusia hilo la Eli nami nimefurahi, hili watu wengi wanalipita tu. Eli ni Kiebrania, Mungu wangu, ndilo lile neno la Yesu msalabani, Eli Eli lama sabakthani. Wamisheni wa Leipzig walipenda lugha za wenyeji, walihubiri na kuchapa vitabu kwa Kichagga, na kina Bruno Gutmann pale Old Moshi waliamini Mchagga akibatizwa hahitaji kuacha kuwa Mchagga. Wakristo wa kwanza wakachukua hilo Eli wakaliunganisha na maneno yao, Eliakunda ndani yake kuna kukunda, kupenda. Alafu Kiswahili kilivyokolea ndio zikaja Elifuraha, Elirehema, Elibariki, Eliamani, Elisante. Na ramani ya majina haya ni ramani ya misheni: Machame 1893, Mamba na Old Moshi, wakaenda Meru ambako walipojaribu mara ya kwanza 1896 wamisheni wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa pale Akeri, wakarudi Nkoaranga 1902, Ilboru kwa Waarusha, na Upare ya kaskazini. Kote huko mpaka leo utakuta akina Eli. Kwenye Kibosho, Uru na Rombo huwakuti kwa wingi, huko ni Aloyce, Honorata, Melkiori, Evarist, Apolinary, Deogratias, Leokadia, kwasababu padre alikuwa anafungua kalenda ya watakatifu na mtoto anapata wa siku yake. Sasa tazama, Deogratias kwa Kilatini ni Mungu ashukuriwe, Elisante ni asante hiyohiyo, na bibi zetu walikuwa na Aikaruwa, aika ni asante na Ruwa ni Mungu kwa Kichagga. Familia mbili zimetamka shukrani ileile, moja misheni ya Kilatini na nyingine ya Kijerumani.

Ndio kusema tofauti ya Eli na kina Deogratias baina yenu haithibitishi kuwa nyie si ndugu. Inasema tu babu zenu walibatizwa na watu tofauti. Kaka wawili mmoja akibaki Kibosho na mwingine akivuka kwenda Machame, wajukuu wa huyu wangekuwa Wakatoliki na wa yule Walutheri, na Massawe wote. Wapo na Waislamu pia, Machame utakuta jina la kwanza ni Juma na la mwisho ni Swai, ukoo uleule. Dini imekuja juu ya ukoo, haikuufuta.

Basi mfanye hivi. Wewe na mwenzako kila mmoja aandike majina ya kurudi nyuma, baba, babu, baba wa babu, mpaka pale mnapoishiwa, na muhimu sana andikeni majina ya Kichagga, yale ya kabla ya ubatizo, sio Josefu na Petro. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anarithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana kwa mabibi hivohivo, kwahiyo jina linarudi kila kizazi cha pili. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko jina la ukoo. Mkiweka orodha mbili pembeni kwa pembeni na mkaona majina yaleyale ya zamani, yasiyo ya kawaida, yanajirudia pande zote mbili, hapo simameni mchunguze kweli. Mkiona hayafanani hata moja kwa vizazi vinne vitano, hiyo ni habari njema.

Ulizeni pia kihamba cha mwanzo cha ukoo kiko kitongoji gani, na makaburi ya wazee yaliyopandwa masale, ule mmea wetu wa heshima, yako wapi. Hilo ni swali ambalo mzee yeyote wa ukoo ana jibu lake. Ulizeni mnapochinja Desemba nani wanaitwa, maana nyama inagawanywa kwa mpangilio wa undugu na mtu hapewi sehemu ya ukoo wakati si wa ukoo. Kama wazee wa Kibosho hawajawahi kuwaita wa Machame kwenye kuchinja wala kwenye msiba wala kwenye kesi ya ardhi, na wa Machame nao hivo, basi ukoo hauwatambui kama kitu kimoja hata kama jina ni moja. Na waulizeni wazee wa pande zote asili ya babu wa kwanza. Mmoja akisema tulitoka huku na mwingine akasema kulekule, kwa njia ileile, na majina ya ndugu waliotengana yanalingana, sikiliza kwa makini. Waulize kila upande peke yake kwanza, kabla hawajakutana, wasije wakaanza kupatanisha hadithi kwa heshima ya wageni.

Kuna na maandishi. Parokia ya Kibosho ina vitabu vya ubatizo vya muda mrefu, vina majina ya wazazi na wasimamizi, muone paroko kwa adabu, mweleze ni kwa ajili ya ndoa, huwa wanaelewa. Usharika wa Machame vilevile. Kwenye kabati la babu tafuta kadi za chama cha ushirika cha kahawa na stakabadhi za kodi, hizo zina majina kama alivyoyatamka yeye mwenyewe, sio kama mwalimu wa shule alivyoyarekebisha baadae. Na usibabaishwe na tahajia. Massawe na Masawe ni kalamu ya karani tu, kama Urassa na Urasa, Mlay na Mlai. Nimeona watu wanabishana kabisa kwamba wenye s mbili ni ukoo mwingine, hapana.

Tuseme sasa mmekuta kuna babu mmoja vizazi sita nyuma. Hapo ni lazima utofautishe sheria, kanisa na mila, kila kimoja kina mpaka wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuoana na mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada, shangazi, mjomba na ndugu wa karibu wa namna hiyo, haitaji ukoo kabisa. Kanisa Katoliki linakataza mpaka ngazi ya nne ya ubavuni, yaani mpaka watoto wa ndugu wawili, mtu na mtoto wa baba yake mdogo kwa mfano, zaidi ya hapo hamna kizuizi cha damu. Mila ndiyo inayoenda mbali zaidi, kwa mila hata huyo wa vizazi sita ni kaka yako. Na hapa nakuambia ninachoamini: kwa damu ya mbali hivo hamna madhara ya kiafya ya kukutisha, lakini ndoa ya Kichagga inafungwa na koo mbili, zinapokea na kutoa, na kama ukoo ni mmoja nani anampelekea nani mbege? Hilo wazee wanalo jibu, wanakaa na wanaamua, wakati mwingine wanakubali na wakati mwingine wanakataa, na uamuzi wao ni mzito kwa maisha yenu ya baadae hata kama sheria haiwabani. Msiende kufunga ndoa kimyakimya alafu mkawaambia baadae.

Kwa kuwa wewe ni Mkatoliki na yeye Mlutheri, ndoa yenu ni ya mseto, inahitaji ruhusa ya askofu, paroko wako ndiye anayeiomba, na wewe utaahidi kufanya unaloweza watoto wabatizwe Kikatoliki. Hilo liongeeni mapema maana ndipo suala la jina la mtoto linapoibukia, bibi mmoja anataka Eli na mwingine anataka mtakatifu. Mnaweza mkampa vyote. Taarifa ya kusudio la ndoa inatolewa siku zisizopungua 21 kabla, na lengo la kutangaza ni hilihili, mwenye kujua kizuizi aseme.

Vitambulisho sasa, hili ni jepesi. Sheria ya Ndoa haimlazimishi mwanamke kubadili jina, hata angeolewa na nani. Kwa mila zetu pia mwanamke hahami ukoo, unabaki binti wa Massawe wa Kibosho hata ukiitwa Mama Massawe wa Machame na kila mtu mtaani. Kwahiyo acha NIDA ilivyo, acha vyeti vya shule vilivyo. Kitu cha kuangalia ni kama herufi zinafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na NIDA, sio huku s mbili na huku moja, kama hazifanani rekebisha sasa kabla ya ndoa. Kosa dogo la herufi huwa linaishia kwenye afidaviti, ila ukitaka jina jingine kabisa ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Na cheti cha ndoa kikiandikwa, hakikisha jina la baba yako limekaa kamili, majina matatu, na la mwenzako hivohivo, kwasababu mna jina moja la mwisho na miaka ijayo karani atadhani umechukua la mume.

Kuhusu shangazi, usimwambie kwamba mwalimu amesema sio ndugu, maana sijasema hivo. Mwombe yeye mwenyewe akupeleke Kibosho, mwambie shangazi umenitia wasiwasi naomba unisaidie kujua, uende nae kwa mzee mkubwa wa ukoo, na mchumba wako nae aende kwao na baba yake au baba mkubwa. Shangazi huenda ndiye anayeyajua majina ya mabibi ambayo baba yako hayajui, wanaume wengi wanakumbuka mstari wa baba tu. Mkishapata orodha zote mbili nitumie, zikiwa na majina ya Kichagga na vitongoji, niziangalie na mimi kabla ya mshenga kutumwa.